Daraja Lililovunjwa Mezani

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Aliye mlangoni aingie, na mwenye karanga agawie wenzake. Leo sina sungura wala fisi. Nina kisa cha mashine ya maji, nina vikombe vinne, nina kunde na dadu moja. Ila hadithi yenyewe inaanzia barabarani.

Mapema mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliipiga pwani ya Tanzania. Huko kusini mvua ilinyesha mpaka mito ikakataa kukaa kwenye kingo zake. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Maji yalisomba tuta, magari yakasimama upande huu na upande ule, na watu wakabaki kutazamana.

Picha za barabara ile wengi mliziona. Lakini kila barabara ya lami ina mwenzake asiyepigwa picha: ile njia inayopitwa na shilingi, kutoka sheli hadi kwenye kiganja cha fundi mwenye koleo. Hiyo nayo hukatika. Ikikatika, hata mkiwa na mawe, saruji na greda, hakuna kitakachosogea, maana dereva wa greda naye anakula.

Basi wapo watu ambao kazi yao ni kuikata njia hiyo ya shilingi kwa makusudi. Hawafungwi jela, kwa sababu wanaikata mezani. Wanatengeneza mfano mdogo wa mtandao mzima wa fedha, wanauita modeli, kisha wanauigiza ukiishi miaka kumi au ishirini ndani ya dakika chache. Katikati ya mchezo wanamwaga mafuriko, wanafunga bandari, wanachelewesha malipo. Halafu wanatazama nani anaanguka kwanza.

Kabla hatujavunja kitu, tukijue. Tuifuate shilingi.

Bodaboda ameingia sheli, ananunua lita moja ya petroli. Bei aliyoikuta kwenye pampu ina mwenyewe: EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ndani ya bei hiyo, pamoja na gharama ya kuyanunua mafuta na kuyasafirisha, imejificha tozo ya barabara. Bodaboda hakuulizwa, hakuandikiwa risiti ya peke yake, lakini ameshachangia lami. Tozo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, huingia Hazina, kisha huelekezwa Mfuko wa Barabara, ambao bodi yake ilianza kazi mwaka 2000. Mfuko haujengi, hugawa. Kwa miaka mingi mgawanyo uliojulikana ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS, wanaotunza barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya na vijiji, ambazo tangu 2017 ziko mikononi mwa TARURA. Kutoka hapo fedha humfikia mkandarasi, na mkandarasi humlipa fundi.

Majirani zetu Kenya nao wana mfuko wa namna hiyo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Dereva wa Nairobi alikuwa akikatwa shilingi 18 za Kenya kwa kila lita tangu 2016. Julai 2024 zikapanda hadi 25.

Sasa hesabuni vituo vya shilingi yetu: sheli, mamlaka, Hazina, mfuko, wakala (TANROADS au TARURA), mkandarasi, fundi. Saba. Kila kituo ni mlango, na mlango huweza kufungwa.

Naona mmoja ananyoosha mkono. Anauliza: fedha hazionekani zikitembea, mtu atazivunjaje mezani? Swali zuri. Kuna bwana mmoja aliyelijibu kwa ndoo na mabomba.

Bwana huyo aliitwa Bill Phillips, alizaliwa New Zealand mwaka 1914. Ujanani alizunguka Australia akifanya vibarua vya kila aina, hata kuwinda mamba. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Wajapani walimkamata wakamweka kambi ya wafungwa katika kisiwa cha Java. Husimuliwa kwamba humo kambini aliunda redio ya siri, na hita ndogo ndogo za umeme ili wenzake wapate chai ya usiku. Kila jioni wafungwa walipochomeka hita zao kwa pamoja, taa za kambi nzima zilififia, na walinzi wakabaki wakijiuliza kulikoni. Shikeni hilo, wajukuu zangu: wanaokunywa chai wako kona moja, giza linaingia kona nyingine, kwa sababu wote wananing'inia kwenye waya mmoja. Tutalirudia.

Vita ilipokwisha, Phillips akaenda kusoma London School of Economics. Walimu wa uchumi waliandika ubaoni hesabu ndefu juu ya fedha zinazotiririka, kodi zinazochepuka, akiba inayotuama. Phillips alikuwa fundi umeme. Akajiambia: kama fedha inatiririka, mbona nisiitiririshe? Mwaka 1949, ndani ya gereji ya nyumba aliyopanga huko Croydon, kusini mwa London, aliunganisha matangi ya plastiki angavu, mabomba, vilango vya kufungia maji na pampu. Mchumi mwenzake Walter Newlyn, wa Chuo Kikuu cha Leeds, alimsaidia. Huyo ndiye aliyekuja baadaye kufanya utafiti wa uchumi Makerere, Uganda. Mashine ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita mbili hivi.

Ilifanya kazi namna hii. Pampu ilipandisha maji juu. Hayo ndiyo kipato cha nchi nzima. Yaliposhuka, sehemu ilichepushwa kuwa kodi, ikaenda upande wa Serikali, kisha ikarudi mtoni kama matumizi ya Serikali. Sehemu nyingine ilitulia tangini kama akiba, ikatoka tena kama uwekezaji. Kilichonunuliwa nje ya nchi kilivuja pembeni, kilichouzwa nje kikarudi. Kalamu zilizofungwa kwenye maboya zilichora kwenye karatasi namna maji yalivyopanda na kushuka.

Novemba 1949 aliileta mbele ya maprofesa. Baadhi yao walikuja kucheka. Pampu ikawashwa, maji yakazunguka, kalamu zikachora, na kicheko kikaisha. Mashine kama kumi na kitu zikatengenezwa. Moja ilinunuliwa na benki kuu ya Guatemala. Pale London, profesa James Meade alizifunga mashine mbili kwa mabomba, moja ikawa Uingereza na nyingine Marekani, akawapa wanafunzi vyeo vya kuchezesha vilango. Mwanafunzi akifunga lango upande wa Marekani, maji yalipungua upande wa Uingereza. Hapo mtu anaelewa bila kuhubiriwa.

Na hapo ndipo faida ya modeli ilipo. Hakuna waziri atakayethubutu kuzuia kodi ya nchi nzima mwaka mmoja ili tu aone kitakachotokea. Bomba la plastiki, hata mtoto anaweza kuliziba kwa kidole.

Sisi hatuna mashine ya Phillips. Tuna vikombe. Haya, futeni meza.

Kikombe cha kwanza ni Mfuko. Cha pili ni Barabara Kuu. Cha tatu ni Barabara ya Kijiji. Cha nne ni Akiba, nacho tukiweke pembeni kwanza, hatutakitumia. Kila mwaka kunde 20 zinaingia kwenye Mfuko, na tunazigawa kwa ule mgawanyo wetu: 14 kwa Barabara Kuu, 6 kwa Kijiji. Barabara Kuu inahitaji kunde 12 ili isiharibike; Kijiji kinahitaji zote 6. Kinachobaki mwisho wa mwaka kinarudishwa kwenye gunia. Hizi ni namba za mchezo wetu, si za Bungeni.

Dadu ndiyo inayoleta mwaka. Ikiangukia 3, 4, 5 au 6, mwaka ni shwari. Ikiangukia 1, mafuriko: daraja la Barabara Kuu limekatika, zinahitajika kunde 8 zaidi. Ikiangukia 2, mapato yameanguka: badala ya kunde 20 zinaingia 10 tu. Na kanuni moja ya mwisho: Barabara Kuu ikikwama haiwezi kusubiri, kwa hiyo itaazima popote penye kunde.

Rusheni. Nne. Sita. Tano. Miaka mitatu shwari. Kila mwaka Barabara Kuu inabakiza kunde mbili, zinarudi gunia. Kila mtu anatabasamu. Mwaka wa nne: moja!

Barabara Kuu sasa inahitaji kunde 20. Inazo 14. Zimepungua 6. Popote penye kunde ni wapi? Kijijini, penye kunde sita kamili. Mkono unanyanyuka, kikombe cha Kijiji kinabaki tupu.

Tazameni vizuri kilichotokea. Mvua haikunyesha kijijini hata tone. Mafuriko yalikuwa mbali. Lakini barabara iliyokosa matengenezo ni ya kijijini, ile anayopita mama mjamzito akipelekwa zahanati na mkulima akipeleka maziwa sokoni. Ni zile taa za Java: chai inachemka huku, giza linaingia kule. Kwenye mtandao, tatizo halikai lilipozaliwa. Linapita kwenye bomba mpaka limpate asiye na cha ziada.

Turudie mchezo, dadu ileile: nne, sita, tano, moja. Safari hii tunabadili kanuni moja tu. Kinachobaki hakirudi gunia, kinawekwa kikombe cha Akiba. Miaka mitatu, kunde mbili mbili, Akiba ina sita. Mwaka wa nne daraja linakatika, zinapungua sita, Akiba inatoa sita. Daraja limefungwa, na kikombe cha Kijiji hakikuguswa. Kunde zilizoingia ni zilezile, mafuriko ni yaleyale. Tumebadili mpangilio wa vikombe, basi, na kijiji kimepona.

Msishangilie bado. Mwaka wa tano dadu inaangukia mbili. Mapato yameanguka: kunde 10, yaani 7 kwa Barabara Kuu na 3 kwa Kijiji. Akiba ni tupu, tuliimaliza mwaka jana. Barabara Kuu imepungukiwa tano na itaazima tena. Mtandao wetu uliosifiwa umeanguka kwa pigo la pili.

Mtasema, hiyo ni bahati mbaya tu, miaka miwili mibaya kufuatana hutokea mara chache. Mna uhakika? Dadu yetu ina nyuso mbili mbaya kati ya sita. Ukiirusha mara kumi, uwezekano wa kupata angalau mara moja miaka miwili mibaya mfululizo ni asilimia 58. Zaidi ya nusu! Hesabu hiyo ya makaratasi ni ngumu kidogo, lakini mnaweza kuipata bila kalamu. Rusheni dadu mara kumi, andikeni. Rudieni tena, na tena, mara mia moja. Kisha hesabuni ni michezo mingapi ilikuwa na miaka miwili mibaya iliyofuatana. Mtaikaribia.

Njia hiyo ya kurusha dadu mara nyingi badala ya kuumiza kichwa na hesabu ina jina lake, na ilizaliwa kitandani. Mwaka 1946 mtaalamu wa hisabati Stanislaw Ulam, aliyefanya kazi Los Alamos huko Marekani, alikuwa akijiuguza. Kupoteza muda akacheza karata za mtu mmoja, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Alipojaribu kukokotoa akachoka. Akawaza: si nicheze mara mia nihesabu nilizoshinda? Akamweleza mwenzake John von Neumann, na kompyuta zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa, mashine zisizochoka kurusha dadu. Wakaiita Monte Carlo, kwa jina la mahali penye kasino maarufu. Hadi leo, mhandisi au mchumi anayepima ustahimilivu wa mfuko wa Serikali anafanya kile mlichofanya na kunde, ila vikombe vyake ni mamia na dadu yake huiangusha mara elfu kumi kabla chai haijapoa.

Na msidhani mambo haya yote ni ya ng'ambo. Kati ya 1971 na 1974 watafiti wa Uingereza, pamoja na Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia, walizipima barabara za Kenya, za lami na za changarawe. Walipima zinavyochimbika, changarawe inavyopungua, magari yanavyopunguza mwendo, mafuta yanavyoliwa zaidi njia ikiwa mbovu. Vipimo hivyo vikawa msingi wa modeli za kompyuta zilizokua hadi kuwa HDM-4, ambayo nchi nyingi duniani huitumia kupanga fedha za barabara. Vumbi la Kenya limo ndani ya hesabu za barabara za mabara mengine.

Modeli za namna hiyo hufundisha jambo ambalo mchezo wetu haujagusa: kuchelewa. Chukueni kikombe cha Kijiji, kizibeni kwa kiganja mwaka mzima. Kunde zipo, hazijaibiwa, zimekwama tu mlango wa pili au wa tatu. Wakati huo shimo la barabarani halisubiri karatasi isainiwe. Maji yanaingia ufani, yanalegeza udongo chini ya lami, lori linapita juu, na pale palipohitaji ndoo ya kokoto sasa panahitaji kuchimbwa upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutaja bei ya ukuta. Benki ya Dunia iliitaja katika ripoti yake ya mwaka 1994: dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoachwa zikafa katika muongo uliotangulia. Ukuta, basi, ni karibu mara nne ya ufa.

Nisiwadanganye lakini. Modeli si mganga wa ramli. Inajua tu kanuni ulizoipa. Mashine ya Phillips ilivuja maji mara kwa mara, na kilichomwagika sakafuni hakikuwa uchumi wa nchi yoyote, kilikuwa maji ya bomba bovu. Kwenye mchezo wetu dadu ina nyuso sita, lakini dunia haikutuonyesha nyuso zote. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulipokuja na watu wakaacha kusafiri, nchi nyingi zilizotegemea tozo ya mafuta zilikuta petroli hainunuliwi kama zamani. Ni modeli ngapi zilikuwa na uso huo kwenye dadu?

Tazameni pia bajaji za Dar es Salaam zinazotembea kwa gesi, na pikipiki za umeme zinazoongezeka Nairobi na Kigali. Zinapita barabara ileile, zinaikwangua lami ileile, lakini hazinunui petroli. Ni habari njema kwa mapafu yetu. Kwenye meza yetu, hata hivyo, ni kama kila mwaka mtu anachomoa kunde moja kabla hazijafika Mfukoni, polepole, bila kelele za mafuriko. Nne, sita, tano, dadu inasema shwari, na bado kikombe kinapungua. Jaribuni wenyewe: mwaka wa kwanza 20, wa pili 19, wa tatu 18. Gaweni 70 kwa 30 kila mwaka muone kijiji kinaanza kupungukiwa lini. Msisubiri mwaka wa kumi. Ni mwaka wa pili tu, maana kikombe chake hakikuwahi kuwa na kunde ya ziada.

Kwa hiyo mtandao imara haupimwi kwa wingi wa kunde peke yake. Una akiba inayotosha mapigo mawili, maana pigo moja hupenda kuja na mwenzake. Una zaidi ya bomba moja la kuingizia. Milango yake haichelewi kufunguka. Na una kanuni inayosema wazi nani hatanyang'anywa kikombe chake mwenye nguvu anapokwama.

Sasa kusanyeni kunde, bibi yenu anazihitaji jikoni. Dadu bakini nayo. Mwezi Juni, bajeti itakaposomwa Dodoma na redio zikataja matrilioni, rudini kwenye meza hii, rusheni dadu mara kumi, kisha muulizeni mbunge wenu swali moja: ikiangukia vibaya miaka miwili mfululizo, ni kikombe cha nani kitakachobaki tupu?